Shamba Uliloliandikisha kwa Jina la Marwa

Mama,

Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu ndivyo nilivyolelewa kule Kenyamonta, si kwa sababu moyo unataka. Ningeusikiliza moyo, ningeanza kwa kukuuliza ulikuwa unafikiria nini.

Mwaka umepita tangu tukuzike. Mtendaji wetu wa mtaa, yule dada wa kutoka Songea uliyekuwa ukimwita mtoto wa serikali, ndiye aliyenishauri nikuandikie. Alisema hasira ikikaa sana kifuani inageuka ugonjwa, na watoto wangu hawana mzazi mwingine. Basi nimechukua daftari la hisabati la mwanangu Marwa mdogo, kurasa za nyuma ambazo hajazitumia, nimekaa kwenye kigoda nje ya jiko. Usiponijibu sitashangaa. Hata ulipokuwa hai, kila nilipoligusa jambo hili ulinigeuzia mgongo.

Nikuambie kwanza kilichotokea, maana najua ulikufa ukiamini umetuacha salama. Hukutuacha salama. Udongo wa kaburi lako haujakauka, mimi na wajukuu zako watatu tukaambiwa tufungashe virago. Nyumba niliyoikandika kwa mikono hii miaka ishirini na mitano, shamba nililolilima mpaka kucha zikang'oka, vyote tukaambiwa si vyetu. Na waliosema hivyo hawakuwa wanabahatisha, Mama. Karatasi ilikuwa upande wao. Karatasi uliyoiandikisha wewe mwenyewe, kwa mdomo wako, mimi nikiwa nimesimama nyuma yako.

Mahakamani ilibidi nisimulie habari yetu tangu mwanzo, kama mtu anayemsimulia mgeni. Nilisema hivi. Mwanamke mmoja wa hapa Turwa alifiwa na mumewe Marwa, akabaki na binti mmoja tu, Wankuru, bila mtoto wa kiume. Binti alipokua akaolewa upande wa Kenya, ng'ombe kumi na wawili wakaingia zizini. Kwa ng'ombe hao hao, yule mwanamke akaenda Kenyamonta akaoa msichana wa miaka kumi na saba ili aizalie nyumba yake watoto. Sisi tunaiita nyumba ntobhu, mwanamke kumuoa mwanamke ili jina la mume lisipotee. Msichana huyo ni mimi. Watoto niliowazaa, Chacha, Bhoke na Marwa mdogo, wakaitwa watoto wa Marwa, mwanaume ambaye sikuwahi kumwona hata kwenye picha.

Nilipomaliza kusema, mtu mmoja nyuma akaguna. Nikajisikia nimevuliwa nguo.

Sisemi uliishi nami vibaya. Hapo ndipo hasira yangu inapopata moto. Ungekuwa mtu mbaya ningekuzika nikanawa mikono. Lakini wewe ulimbeba Chacha mgongoni ukienda kupalilia viazi, eti mimi nipumzike, maziwa yasikauke. Ulinifichia mnofu chini ya sufuria wageni walipokuja wengi. Nilipougua malaria nikiwa na mimba ya Bhoke uliuza kuku wako wote bila kuniambia, nikaja kugundua nilipoona banda tupu. Mtu anayenipenda hivyo, alishindwaje kuweka kidole gumba kwenye karatasi moja?

Unakumbuka ule mkutano wa mtaa? Mtendaji alisimama akaeleza kwamba kila mwenye familia, hata asiye mzee, aandike wosia. Nilirudi nyumbani nikakumiminia uji wa mtama, nikasubiri unywe nusu, nikakwambia taratibu kwamba ingefaa na sisi tuandike. Ukaweka bakuli chini. Ukaniuliza, "Ghati, unanichimbia kaburi?" Siku tatu hukugusa chakula nilichopika. Ulikuwa unakwenda kula kwa Mwita, mtoto wa mdogo wake Marwa. Kwa Mwita! Hebu nitulie kwanza.

Mara ya pili ilikuwa Chacha alipomaliza kidato cha nne. Nikakwambia mtoto amekuwa mkubwa, ajue kilicho chake. Ukacheka, ukasema, "Watu wote wanajua." Mara ya tatu, ya nne, jibu likawa hilo hilo. Shamba ni la nani? Watu wote wanajua. Ghati ni nani hapa? Watu wote wanajua. Ulilisema kwa uhakika mpaka na mimi nikaliamini, na ndiyo maana siku nyingine nikikukasirikia wewe nageuka najikasirikia mwenyewe.

Halafu wakaja wapimaji. Mji ulikuwa umeshatufikia, mashamba yanageuka viwanja, vijana wakawa wanapita na mashine zao na rangi nyekundu. Mimi nilikuwa nimetoka kuchimba viazi, nimesimama na kikapu. Yule kijana mwenye fomu akakuuliza jina la mmiliki. Ungesema lako. Ungesema langu. Ungesema la Chacha, mjukuu wako aliyekuwa amesimama pale pale na kitambulisho chake mfukoni. Wewe ukajinyoosha na fimbo yako, ukasema, "Andika Marwa." Kijana akauliza kama mzee yupo. Ukaonyesha kaburi lake pale kwenye migomba, ukasema, "Yule pale." Kijana akadhani unatania, akaandika hivyo hivyo, akaenda kwa jirani.

Ukarudi ndani umefurahi. Ulisema sasa hata serikali inaijua nyumba ya Marwa. Mwanaume amezikwa zaidi ya miaka arobaini, Mama. Ulimpa shamba mtu ambaye hawezi kulilima wala kulitetea, ukadhani umemheshimu. Kumbe ulikuwa umelifungua geti kwa kila mtu anayeweza kusema, Marwa alikuwa baba yangu mdogo, Marwa alikuwa baba yangu mkubwa.

Na zile siku tisa za mwisho. Kiharusi kilikushika jikoni, mdomo ukaenda upande, ulimi ukagoma. Hospitali ulikuwa unanishika mkono unanivuta, macho yamekutoka, unataka kusema kitu. Nilikuwekea kalamu vidoleni, ingawa nilijua hujui kuandika, ikaanguka. Nikaiweka tena. Nilijua ulichotaka kusema, na ningetoa chochote ukiseme, na miaka yote ile ulipokuwa na mdomo mzima... Naacha hapa. Nilisema sitalia nikiandika.

Siku ya tatu baada ya mazishi ukoo ukakaa kikao, turubai likiwa bado halijashushwa. Mwita akaja na daftari jipya, na kalamu mbili. Akasema marehemu baba yao Marwa ana kiwanja kikubwa hakina mtu, lazima ateuliwe msimamizi wa mirathi. Nikasimama nikauliza, hakina mtu vipi, na sisi ni nani? Mwita hakunifokea. Bora angenifokea. Alinijibu kwa sauti ya pole, "Shemeji, tunakuheshimu sana, lakini hapa kwetu wewe ni nani?"

Nikawageukia wazee. Watu wote wanajua, si ndiyo? Mzee Nyamhanga alikuwepo, yule aliyewaswaga ng'ombe wako kwa miguu mpaka kwa baba yangu, akalala kwetu, akachinjiwa mbuzi. Nilimtazama nikamwambia, mzee, sema. Alikuwa anajichokoa sikio na njiti ya kiberiti. Akachokoa, akaitazama njiti, akachokoa tena. Mwisho akasema hayo ni mambo ya zamani, vijana waende na sheria. Wengine wakaitikia. Jioni nikatazama simu, nikakuta nimeshatolewa kwenye kundi la ukoo.

Walijua, Mama. Hilo hukukosea, walijua wote. Walikuwa wameahidiwa kila mmoja kipande.

Aliyeniokoa ni yule mtoto wa serikali. Tangazo la mirathi aliyoifungua Mwita mahakamani lilipoletwa ofisini kwake libandikwe, alilisoma, akaona limeandikwa kwamba Marwa hakuacha mke wala mtoto. Akanipigia simu akasema niende na kitambulisho changu, nisipite kokote. Akanieleza kwamba mtu yeyote mwenye neno anaweza kuweka pingamizi kabla siku hazijaisha, akanionyesha pa kuanzia. Nikiwa pale nikamuuliza, ili nijiumize vizuri, ni nini hasa ungepaswa kukifanya. Akanijibu pole pole. Kwanza mirathi ya Marwa ingefunguliwa tangu zamani, shamba litoke kwa marehemu liende kwa walio hai. Halafu wewe uandike wosia wako, na kwa kuwa hukujua kusoma, mashahidi wanne, wawili wa ukoo na wawili wa nje, wasiwe hao wanaorithi. Utaje nani anapata nini, umtaje wa kusimamia, uweke kidole, nakala zikae sehemu zaidi ya moja. Nikamuuliza inachukua muda gani. Kuandika wosia wenyewe, akasema, ni mchana mmoja.

Mchana mmoja. Ulikuwa unamaliza mchana mzima ukitengeneza mpini wa jembe.

Siku ya kwanza mahakamani nilibeba vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Nilivitunza kwenye mfuko wa nailoni miaka yote hiyo, nikijua ndiyo silaha yangu. Jina la baba, Marwa. Hakimu, kijana mwenye miwani na adabu, alivisoma kimoja kimoja. Halafu akauliza Marwa alifariki lini, Mwita akamjibu haraka haraka. Hakimu akaandika pembeni, akatoa hesabu, akanitazama. Akauliza kwa upole, "Mama, huyu Chacha alizaliwa miaka ishirini na miwili baada ya baba yake kuzikwa?"

Watu wakacheka. Hata karani alicheka, akajifunika na faili. Chacha alikuwa amekaa kwenye benchi la mbele. Nilimwona shingo yake inavyoinama. Mtoto uliyemwambia tangu anatambaa kwamba yeye ndiye mwenye nyumba, alichekwa mbele ya watu kwa jina ulilompa. Nakusamehe mengi, lile sijui.

Hakimu aliwanyamazisha. Akaniambia sheria anayoifuata haina ndoa ya mwanamke na mwanamke, na kwa hiyo watoto wangu hawawezi kuhesabiwa watoto wa Marwa, ila hasemi hivyo kwa kunidharau. Nikaona giza. Halafu akauliza, je, huyu Marwa kweli hakuacha mtoto wa damu? Nikasema alimwacha Wankuru. Mwita akadakia kwamba Wankuru ni binti, ameolewa Kenya, hahesabiki. Hakimu akasema, "Kwangu anahesabika." Akaahirisha shauri, akataka aletwe.

Unaona uliponiweka? Maisha yangu na ya watoto watatu yakawa mikononi mwa mtu mmoja, na mtu huyo ni yule ambaye ana haki ya kunichukia kuliko binadamu yeyote.

Usijifanye umesahau. Nilikuwa na mimba ya Chacha, nakoroga ugali jikoni, Wankuru akaingia uani ameshika mkono wake wa kushoto kwa mkono wa kulia, umevimba na umepinda. Mumewe alimpiga na mchi. Alikuja kwa mama yake. Wewe ulimfunga kitambaa, ukampa maziwa, ukamwambia arudi kwa mumewe, kwa sababu akiachika ng'ombe watadaiwa, na ng'ombe hawapo. Hukusema wako wapi. Hukuwa na haja ya kusema. Wankuru aligeuza macho akanitazama mimi, tumbo langu kwanza, halafu uso. Ng'ombe walikuwa ni mimi. Alirudi Kenya siku ile ile na mkono wake hivyo, na tangu siku hiyo hakulala tena chini ya paa lako. Siku ya mazishi yako alitupa udongo akaondoka kabla ya chakula.

Basi nikapanda gari kwenda Sirari mpakani, nikavuka, nikamkuta Wankuru sokoni Isebania kwenye meza yake ya dagaa. Amekuwa mtu mzima, nywele nyeupe zimeanza, mkono wa kushoto haunyooki mpaka leo. Nikamwambia shikamoo dada. Hakuitikia. Nikasimama mbele ya wateja wake nikamweleza yote, sikupamba. Nikamwambia na lile la mwisho, kwamba akija mahakamani akapewa usimamizi, ana uwezo wa kuniondoa, na sina cha kumzuia. Alikuwa anapima dagaa kwa kopo, anapima, anamimina, anapima. Nilipomaliza akasema, "Nitakuja. Lakini sikuji kwa sababu yako. Hiyo shamba ni ya baba yangu na mimi ndiye mtoto yake."

Alikuja kweli. Alivaa koti jeusi, akasimama kizimbani akataja jina lake na la baba yake. Alisema huyu Mwita anayesema yeye hahesabiki, ndiye aliyekuwa akila nyama ya harusi yake akimwita dada. Mwita akatazama dari. Mzee Nyamhanga siku hiyo hakuonekana. Hakimu akamteua Wankuru msimamizi wa mirathi ya baba yake, na Mwita na daftari lake jipya wakatoka nje.

Nilipaswa kufurahi. Sikuweza. Wankuru alinipita mlangoni, akapanda gari akarudi zake.

Wiki tatu, Mama. Mvua ilianza, watu wanapanda, mimi nimekaa. Ningepanda shamba la nani? Marwa mdogo aliniuliza kama tutahamia Kenyamonta, na kama kule kuna shule yenye uwanja. Chacha alikuwa anashinda nje na kurudi amenuna. Bhoke ndiye aliyekuwa akipika, mimi nikawa nakaa tu natazama kaburi lako na la Marwa pale kwenye migomba, mmelala pamoja, hamna wasiwasi. Kuna siku nilichukua jembe nikaenda pale, sijui nilitaka kufanya nini. Nikasimama, nikarudi.

Jumamosi moja asubuhi Wankuru akashuka kwenye bodaboda getini. Alikuwa na godoro, begi moja na sufuria. Nyuma yake akaja Mtendaji, mzee wa kanisa na kijana wa upimaji. Watoto wakamwamkia, akawaitikia mmoja mmoja, akamshika Bhoke kidevu akamtazama muda mrefu. Halafu akaanza kutembea. Akazunguka shamba lote, kutoka barabarani mpaka mtoni, sisi tukimfuata nyuma kama watu wa msibani. Aliporudi akasimama mlangoni kwako.

Alisema nyumba hii na sehemu yote ya juu anaichukua yeye. Amemwacha yule mwanaume. Alisema, "Nilifukuzwa humu na mkono uliovunjika. Nitalala humu mpaka nife." Kisha akanyoosha mkono wake mzima kuelekea chini, akasema kuanzia kwenye migomba mpaka mtoni ni kwangu, kwa jina langu mimi, si la mtoto na si la marehemu yeyote. Mtendaji akamuuliza kama amefikiria vizuri, maana kisheria hakulazimika kunipa hata tuta moja. Wankuru akajibu akinitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya jikoni, "Ng'ombe zangu ndizo zilimleta huyu. Nikimfukuza, basi mimi nilipigwa bure."

Nilipiga magoti nikamshika miguu, akaniinua kwa ukali, akasema niache, kuna godoro la kuingiza ndani.

Kwa hiyo nimepoteza nyumba, Mama. Chumba nilichojifungulia watoto watatu, analala Wankuru. Nimejenga vyumba viwili vya bati huku chini, mvua ikinyesha hatusikilizani. Sina kinyongo naye, alikuwa anadai zaidi ya hapo. Kinyongo nilicho nacho ni chako. Ungeweza kutugawia mwenyewe, wote wawili, ukiwa umekaa kwenye kigoda chako na fimbo yako, na tukakubusu mikono. Ungeweza kumwambia Wankuru pole. Ulimwachia karani wa mahakama afanye kazi ya mama.

Mimi nimeshaandika wosia wangu. Nina miaka arobaini na miwili na siumwi hata jino, na nimeandika. Nilikwenda ofisini baada ya chakula, watoto wa shule walipokuwa wanarudi nikawa nimemaliza. Wankuru ametia sahihi kama shahidi wa ukoo, mzee wa kanisa kama shahidi wa nje. Nimetaja kila mpaka na kila mti. Chacha na Bhoke watasimamia pamoja, na Marwa mdogo nikifa kabla hajakua atalelewa na dada yangu. Nakala moja iko kanisani, nyingine kwa Wankuru, nyingine kwenye sanduku langu, na watoto wote wanajua. Jina la baba yao wa damu pia nimewaambia. Ulinikataza. Nimewaambia.

Wanawake wa kanisani wananiita Mama Wosia, wananitania kwamba nikimsalimia mtu tu anajua anakaribia kufa. Wacha wanitanie. Wawili wameshakwenda kwa Mtendaji.

Nina habari moja ya mwisho. Washenga wametoka Mbalibali wamekuja kumwulizia Bhoke. Kijana ni mwalimu, na Bhoke mwenyewe anasema anamtaka, ila amalize chuo kwanza. Unajua Chacha alifikiria nini mara moja. Ng'ombe wa dada ndio wataoa mke wa kaka, ndivyo alivyowaona wenzake wote hapa Tarime wakifanya. Nikamwonyesha ukurasa wa pili wa wosia. Nimeandika kwamba ng'ombe watakaokuja kwa ajili ya Bhoke ni wa Bhoke, wakae zizini, mtu yeyote asioe kwa hao, wasiuzwe bila yeye, niwe hai au nimekufa. Chacha amenuna wiki nzima. Acha anune, atanuna ataacha. Wankuru alipousoma ukurasa ule kabla ya kutia sahihi, aliusoma mara mbili, akaomba maji ya kunywa.

Kwaheri, Mama. Nitaendelea kulipalilia kaburi lako, na nitalipalilia na hasira yangu hivi hivi, sitaki kukudanganya. Lakini hili nakuahidi. Bhoke akiingia uani siku moja ameshika mkono wake, sitamuuliza habari za ng'ombe. Nitamwambia apite ndani.

Mke wa nyumba yako,
Ghati